Udongo Wenye Njaa

Jirani yangu wa nyuma hapa Izia, Sumbawanga mjini, alipopasua tuta lake la kwanza leo asubuhi, nilikuwa barazani na kikombe cha chai, na harufu ikanifikia kabla sijaliona jembe. Si ile harufu ya vumbi lililonyeshewa, ambayo kila mtu anaijua na kila mtu ameisifia. Hii ni harufu ya majani yaliyolala chini ya udongo kiangazi kizima, yakaoza polepole gizani, yakawa kitu kitamu kidogo, kichachu kidogo, kama togwa iliyosahauliwa mtungini. Nikaweka kikombe chini. Miguu yangu ilikuwa juu ya vigae, lakini pua ilikuwa imeshatangulia nyumbani kwetu, njia ya Msanzi, na nikawa tena mtoto wa gauni moja, mwenye matope hadi magotini.

Vigae hivyo nimevinunua mwenyewe. Nisipolisema hilo mapema nitalisema baadaye, kwa hiyo bora tulimalize. Niliondoka kwenye nyumba ya nyasi. Nikasoma kwa kuuza maandazi na kufua nguo za watu, nikapata stashahada ya lishe, nikafanya kazi katika miji ambayo wenzangu waliiona kwenye kalenda tu, na nikarudi Sumbawanga kwa gari langu, si kwa basi. Cheti kimetundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa. Wanawake hunijia barazani, wenye mimba, wanaonyonyesha, na wale wanaoitafuta mimba kwa machozi. Wengine huniita mamalishe, nami huwasahihisha kwa upole: mamalishe ni kazi ya heshima na imeniokoa na njaa mara nyingi, lakini mimi ni mtaalamu wa lishe. Mama yangu, ambaye sasa anaishi nami, hunisikiliza nikiwaeleza wageni jinsi nilivyojijenga, na husema bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wake: "Kweli, amejijenga mwenyewe. Hata uji ulikuwa unajikoroga."

Kwetu shamba lilikuwa halipewi mbegu hivi hivi. Mvua zikikaribia kuisha, nyasi zikiwa zimefika kiunoni, watu walizikata kwa jembe pamoja na udongo wake, wakazigeuza kifudifudi, wakazipanga kuwa vilima vya duara, majani yakiwa ndani na udongo ukiwa juu. Tunaviita intumba. Ukipanda mlimani ukatazama chini, uliona nchi nzima ya Ufipa imejaa vyungu vilivyofunikwa, vinachemka kimya bila moto. Mama alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alimaliza kila tuta kwa kulipiga kwa kiganja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto mgongoni, nami nilipiga upande wa pili.

"Lipigepige," aliniambia. "Upepo wa huku ni mwizi."

"Kwa nini tunazika majani, mama?"

"Hatuziki. Tunaulisha."

"Tunalisha nini?"

"Udongo. Udongo wenye njaa ukiupa mbegu, unaila. Ulishe kwanza, ndipo uuombe."

Nililibeba neno hilo nyumbani kama mtu anavyobeba kaa la moto kwenye kigae, kwa uangalifu, bila kujua litawasha nini.

Nilikuwa mtoto wa pekee, na jambo hilo kijijini lilikuwa kama kuwa na mguu mmoja. Mara mbili niliwahi kuona tumbo la mama likianza kuinuka chini ya kitenge, na mara mbili nikaona limelala tena, bila mtoto wala maelezo. Mara zote mbili mama alikaa ndani, watu wazima wakazungumza kwa sauti za chini, na baba akaenda na jembe nyuma ya migomba akarudi bila kumwangalia mtu. Hakuna aliyeniambia watoto wale walikwenda wapi. Mtoto asipoambiwa kitu, hujitafutia, na mimi nilikuwa na akili nyingi tangu hapo.

Ilikuwa ile miaka ambayo maduka yalianza kujaa tena. Tulikuwa tumezoea duka la ushirika lenye rafu tupu na karani anayesinzia. Ghafla mjini kukawa na sabuni za kunukia, siagi ya kopo, soda za rangi tatu, na marundo ya mitumba yenye harufu ya nchi za mbali. Malori ya wafanyabiashara yakaacha kuungoja ushirika, yakapanda yenyewe hadi vijijini kununua maharage, mahindi na ulezi papo hapo. Baba, mtu mwema mwenye kipara kinachong'aa na hamu ya kuendelea, akawa muumini. Alilitamka neno "soko huria" kama jina la mtakatifu mpya. Akauza maharage. Akauza ulezi. Mayai ya kuku wetu aliyapanga kwenye kapu la pumba na kuyapeleka mjini kwenye hoteli za chai. Akarudi na redio, na mfuko wa sembe.

Sembe ile! Ilikuwa nyeupe kama mbawa za malaika kanisani. Kabla ya hapo tulikula ugali wa dona au wa ulezi, mweusi mwekundu kama ardhi yenyewe. "Mke wangu atakula cheupe," baba alisema, "kama mke wa bwana shamba." Tukala cheupe kwa chumvi na chai ya rangi, na redio ikaimba, na mimi niliamini tumekwisha kuwa matajiri.

Mwaka huo tumbo la mama lilianza kuinuka kwa mara ya tatu. Upepo wa kipupwe ulikuwa unavuma mchana kutwa, ule upepo wa Ufipa unaopita kwenye nyasi kavu kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Mama alianza kutembea polepole, kama yuko ndani ya maji. Akiinuka alishika ukuta. Viganja vyake vikawa vyeupe. Mimi nilidhani ni sembe. Nilidhani mtu akila cheupe anageuka mweupe, na nilimwonea wivu. Nilikaa juani nikitazama viganja vyangu, nikingoja vianze.

Kisha nikamwona kwenye kichuguu. Kilikuwa nyuma ya nyumba, kirefu kuliko mimi. Mama alikwenda pale akidhani niko kisimani, akabandua kipande cha udongo, akakiweka ulimini na kufumba macho, kama watu wazima wanapopokea komunyo. Akatafuna. Akabandua kingine. Uso wake ulitulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi.

Leo ningemwita mwanamke huyo aketi, ningemvuta kope la chini nitazame rangi yake, na ningejua kabla hajafungua mdomo. Hamu ya kula udongo wakati wa ujauzito mara nyingi ni damu inayolia, na udongo wenyewe hauijibu. Huongeza minyoo na kuziba tumbo. Lakini mtoto aliyesimama nyuma ya migomba hakuwa na stashahada. Alikuwa na vitu viwili tu. Padre alikuwa ametupaka majivu kwenye paji la uso na kutukumbusha kwamba sisi ni mavumbi. Na mama alikuwa amesema udongo wenye njaa unakula mbegu.

Nikaviunganisha. Mama ni udongo. Ndiyo maana anakula wenzake. Ana njaa. Na wale wawili hawakwenda popote: walikuwa mbegu, na mama, bila kukusudia, aliwala. Sikumchukia hata kidogo. Nilimwonea huruma kubwa, na nikaogopa kwa ajili ya huyu wa tatu, ambaye alikuwa amelala mle ndani bila kujua yuko shamba gani.

Basi nilifanya alichonifundisha. Alasiri moja mama alilala kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mahali ambapo ukuta unazuia upepo na jua linakaa kama paka. Nikashuka bondeni kwenye bustani, ambako palikuwa na maji hata kiangazi, nikachuma majani ya maboga, mnavu, mchicha, yote mabichi, nikayafungasha kwenye gauni langu. Nikayapanga juu ya tumbo la mama, moja baada ya jingine, kwa duara. Nikaenda kwenye kichuguu nikaleta udongo, kwa kuwa nilijua ndio anaoupenda, nikaunyunyiza juu ya majani. Nikaanza kupigapiga. Tumbo lilipanda na kushuka chini ya viganja vyangu. Mahali fulani ndani, kitu kikanigusa kutoka upande wa pili, polepole, kama mtu anayebisha mlango akiwa usingizini. Nakumbuka mwanga wa saa ile, wa dhahabu na wa vumbi. Nakumbuka nilikuwa naimba.

Baiskeli ilianguka nyuma yangu, kengele ikalia yenyewe.

"Skola! Unafanya nini?"

Siku zote baba aliniita "mama", kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Siku hiyo hakuniita hivyo.

"Namlisha."

"Unamzika mama yako akiwa hai!" Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mama akafumbua macho, akajiona alivyo, akaanza kucheka.

"Simziki, baba. Namlisha. Udongo wenye njaa unakula mbegu. Ameshakula wawili."

Kicheko cha mama kilipotea njiani. Alikaa polepole, majani yakateleza mapajani mwake, naye akaanza kuyaokota moja moja.

"Nani kakwambia nimekula watoto?" aliniuliza.

"Wewe. Kule kwenye matuta."

Hapo ndipo Mama Kulwa alipojitokeza kwenye kona ya nyumba na kibuyu cha maziwa kichwani. Alikuwa jirani yetu, Msukuma wa wale waliohamia na ng'ombe zao kutoka kaskazini, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia mifugo. Alikuwa amesikia yote, na hakuwa mtu wa kujifanya hakusikia.

"Mtoto huyu anaota mchana," baba alimwambia, kama anayeomba radhi.

"Haoti. Mtazame mkeo macho. Baba Skola, ng'ombe wangu akianza kulamba ukuta, nampa chumvi. Wewe mkeo analamba kichuguu, unampa redio."

"Nampa sembe! Nani mwingine hapa anakula sembe?"

"Sembe ni nini? Umelikoboa hindi, kilichomo umempa nguruwe, mkeo umempa rangi. Maharage umeuza. Ulezi umeuza. Mayai umeuza. Kesho utauza na hicho kigoda, tukija tukae chini."

"Mayai mjamzito hali, Mama Kulwa. Mtoto atazaliwa na kipara."

Mama Kulwa alimtazama baba kichwani, kwa muda mrefu, kwa adabu.

"Basi marehemu mama yako," alisema, "alikula kapu zima."

Mama ndiye aliyecheka kwanza, akishika tumbo lenye udongo. Kisha Mama Kulwa. Baba alisimama, akajishika kipara, na mwishowe akacheka yeye pia, lakini macho yake yalikuwa yameenda nyuma ya migomba, na hayakurudi upesi. Aliinama akaokota jani la boga lililokuwa limebebwa na upepo, akampa mama mkononi.

Siku ya mnada lori lilikuja. Lilikuwa limebaki gunia la mwisho la ulezi, na mfuko wa maharage tuliouita wa mbegu. Baba alilibeba gunia begani hadi barabarani, mimi nikimfuata nyuma mbiombio, maana niliona kabisa kinachopakiwa ni nini. Kijana wa lori akanyoosha mikono kulipokea. Baba hakulishusha. Alisimama tu, jasho likimtiririka, kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kusema.

"Vipi mzee, bei imekupa kizunguzungu?"

"Hili limeshanunuliwa."

"Limenunuliwa na nani? Hapa lori ni letu tu!"

"Na mwenye shamba," baba alisema, akageuka na gunia lake, akatembea kurudi nyumbani upesi kuliko alivyokuja. Vijana wakampigia miluzi. Mimi nilikimbia mbele yake nikipiga kelele kama nimeshika usukani wa lori hilo.

Tangu siku hiyo nikawa bwana shamba wa mama. Nasema bila aibu kwamba kazi hii niliianza kabla ya chuo chochote kunipa ruhusa. Asubuhi uji wa ulezi wenye maziwa ya Mama Kulwa, ambaye tulimpa mboga na maboga, na kila asubuhi akampa baba salamu za kipara. Mchana dona, maharage, na majani ya bondeni. Mama Kulwa aliyakamulia ndimu, na ilibidi nifike chuo ndipo nijue kwamba ule uchachu huusaidia mwili kuyafungua yale madini ya chuma yaliyofungiwa ndani ya majani, na kwamba chai tuliyokuwa tukiinywa na chakula ilikuwa ikiyafunga tena. Mayai mama aliyala akiwa ameuficha uso kwa khanga, kama anayeiba. Na vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu ambavyo nesi wa zahanati alimpa, ambavyo alikuwa akivichomeka kwenye paa la nyasi kwa sababu wanawake walisema vinamkuza mtoto hadi ashindwe kutoka, akavichomoa, akafuta masizi, akaanza kuvinywa, baba akiwa amesimama pale pale kama shahidi wa ndoa.

Mimi nilikuwa na picha yangu ya mambo. Kila jani alilomeza nililiona likishuka, likilala kifudifudi chini ya mtoto, likifunikwa, likianza kuoza utamu wake gizani. Alasiri niliweka sikio kwenye tumbo na kusikiliza. Kulikuwa na mambo mengi mle: maji yanayopita kwenye mawe, mlango unaofunguka mbali, mbegu zinazopasuka. Mama alinichezea nywele. Upepo ulipita juu ya nyumba ukienda kwenye biashara zake. Wakati mwingine tulisinzia wote watatu, na nilipoamka sikujua mara moja ni yupi kati yetu aliyekuwa ndani ya mwenzake.

Ulipofika ule mwezi ambao wale wawili walilala, baba aliizima redio, na haikuwashwa. Mwezi ukapita. Tumbo halikulala. Viganja vya mama vikaanza kurudia rangi yake ya udongo uliokoshwa, nami, ambaye nilikuwa bado nangoja vyangu viwe vyeupe, nikaacha kungoja.

Mvua za kwanza zilikuta watu mashambani wakipasua intumba na kusambaza. Nchi nzima ilinuka ile harufu. Baba alimpakia mama nyuma ya baiskeli, juu ya mto wa nyasi, akaisukuma kwa mikono hadi zahanati, akiyakwepa madimbwi kama anayebeba mayai, mara hii si ya kuuza. Waliporudi alikuwepo mtu wa nne.

Nilipewa nimpakate. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua vidole vyake kimoja kimoja na kutazama chini ya kucha, kutafuta udongo. Zilikuwa safi. Nikamnusa utosini: maziwa, moshi, na kwa mbali sana, naapa, majani yaliyolala. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, hadi shingoni. Mama Kulwa alipoziona alimgeukia baba, akafungua mdomo, na baba akainua mkono: "Nimeelewa, Mama Kulwa. Nimeelewa."

Miezi iliyofuata mama aliendelea kula kama mwenye shamba, kwa maana sasa alikuwa anatoa maziwa, na sijawahi kuona mtoto akinyonya kwa ghadhabu kama yule. Tukamwita Vena. Niliamini nimemlima mimi. Kwa kweli bado sijabadili mawazo sana. Najua kuna vidonge vilivyofanya kazi yake, na nesi, na Mwenyezi Mungu ambaye sitaki kesi naye. Lakini mwalimu wetu chuoni alipotuuliza kwa nini mwanamke alishwe vizuri hata kabla ya kubeba mimba, mkono wangu ulikuwa wa kwanza juu, na nilisema kwa muda mrefu hadi kengele ikalia.

Vena alifika jana kwa basi kutoka Namanyere, ambako anafanya kazi ofisi za halmashauri. Amekondeana. Mwaka jana mimba yake ya kwanza haikukaa, na sasa yeye na mumewe wanataka kujaribu tena, upesi, kama watu wanaokimbiza mvua. Mezani nilimweleza asianze na mbegu. Nikamweleza damu, majani, ndimu, maharage, mayai, mwezi baada ya mwezi, aende kliniki akapimwe kabla na si baada.

"Dada, darasa limeanza," alisema, akimkonyeza mama.

"Lipa ada ukae usikilize," nilimjibu. "Watu wanatoka mbali kunisikia mimi."

Lakini alikula. Alikula uji, akaongeza, na baada ya chakula cha mchana leo akalala kwenye mkeka barazani, mikono ameitandaza, tumbo tambarare kama shamba ambalo bado halijaguswa. Jirani alikuwa bado anapasua matuta yake. Harufu ilikuwa imejaa uani. Nilimtazama mdogo wangu akipumua, na kitu kikanisukuma kushuka ngazi zangu za vigae, kwenda kwenye mboga zangu, nikachuma jani moja la boga, pana, lenye vinyweleo. Nikarudi kwa ncha za vidole vya miguu, mwanamke mzima mwenye gari na cheti, nikaliweka juu ya tumbo lake.

Nilidhani mama amesinzia kwenye kiti chake. Hakuwa amesinzia.

"Lipigepige," alisema. "Upepo wa huku ni mwizi."